Mayday: kwa nini neno hili hutamkwa mara tatu?

Usiku wa Januari 25, 1990, ndege ya shirika la Avianca la Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri zamu ya kutua New York. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanakwisha, akaomba kipaumbele. Lakini hakutamka "Mayday" wala kutangaza hali ya dharura. Injini zilizimika na ndege ikaanguka Cove Neck. Watu 73 kati ya 158 waliokuwamo walikufa.

Neno hilo lina maana gani hasa?

Halihusiani na Mei Mosi. Lilibuniwa mwaka 1923 na Frederick Mockford, ofisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London. Ndege nyingi wakati huo zilisafiri kati ya Croydon na Le Bourget, Paris, hivyo alitafuta neno litakaloeleweka pande zote mbili. Alichagua linalosikika kama maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni". SOS ilifaa kwa simu ya upepo, lakini kwa sauti herufi S haikusikika vizuri. Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa Washington uliidhinisha "Mayday".

Hutamkwa mara tatu ili lisichanganywe na neno jingine, wala na mtu anayelitaja tu katika mazungumzo. Kisha nahodha au rubani hutaja jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, msaada anaohitaji na idadi ya watu. Baharini hutumika chaneli 16 ya redio ya VHF, na wengine wote hutakiwa kunyamaza.

Kama maisha hayako hatarini papo hapo, mfano mashua iliyozimika injini bahari ikiwa shwari, husemwa "Pan-Pan", pia mara tatu.

Kutoa Mayday ya uongo ni kosa la jinai katika nchi nyingi, kwa kuwa waokoaji huhatarisha maisha yao kuitikia. Hata hivyo, aliye katika hatari ya kweli hapaswi kusita. Hatari ikipita, Mayday inaweza kufutwa kwa tangazo fupi redioni. Isipotolewa, anayesikiliza hana namna ya kujua.