Cheni Inapolia, Usidai Hesabu Kwanza

Wapo wakazi wa mjini ambao hawayaoni magari yao kwa miezi. Mwenye gari yuko Mwanza au Dar es Salaam, na gari liko Rwamgasa, Geita, likibeba mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye makarasha. Siku moja dereva anapiga simu: "Bosi, gari nikiliwasha asubuhi linalia mbele." Anajibiwa: "Lete hesabu kwanza, tutaangalia mwisho wa mwezi." Mazungumzo ya juma hili yanahusu gharama ya jibu hilo.

Katika magari mengi ya zamani, kama vile Land Rover 109, Peugeot 504 na Toyota Hilux za petroli zenye injini ya 22R, kranki huizungusha kemu shafti kwa cheni. Kazi ya cheni hiyo ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati wake. Cheni haivutiki kama mpira. Pini zake ndizo zinazolika kidogo kidogo, na kila pingili inapolegea, cheni nzima inarefuka. Oili iliyochakaa na vumbi huharakisha kulika huko. Wala usiitegemee mita ya kilomita. Gari linalopanda na kushuka kwa gia nzito huhesabu kilomita chache, ilhali injini imefanya kazi saa nyingi.

Tuchukue mfano wa 22R. Cheni yake huongozwa na reli mbili na kukazwa na tenshena inayosukumwa na oili. Asubuhi, kabla oili haijapanda, cheni iliyolegea hupiga kelele kwa sekunde chache kisha hunyamaza. Hilo ni onyo la kwanza. Katika injini zilizotengenezwa tangu miaka ya mwanzo ya 1980, reli hizo ni za plastiki. Zikivunjika, cheni huanza kulikwangua kava la mbele, na nyuma ya ukuta wa kava hilo hupita maji ya rejeta. Ukuta ukitoboka, maji huingia kwenye oili. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja nje, na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, zima injini na usiiwashe tena.

Kukagua si kazi kubwa. Fundi afungue kava la valvu, amulike kwa tochi na kutazama kama reli ni nzima. Kisha afungue kifuniko cha distribyuta na kuizungusha kranki polepole kwa spana, mbele halafu nyuma. Kranki ikizunguka kiasi cha nyuzi 10 kabla rota haijatikisika, cheni imekwisha.

Wakati wa kubadilisha, usikubali kununua cheni peke yake. Sproketi zenye meno yaliyolika zitaiharibu cheni mpya. Nunua cheni, sproketi, reli na tenshena kwa pamoja. Fundi aweke pistoni ya kwanza juu, alinganishe alama, na asiisahau bolti iliyojificha ndani ya oili mbele ya silinda hedi. Wapo waliolivunja kava kwa kulibandua kabla ya kuifungua bolti hiyo. Aidha, vipande vyote vya plastiki vitolewe kwenye sampu, maana vikibaki vitaziba chujio la oili. Kabla ya kuwasha, kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma mahali, isilazimishwe.

Ndugu msomaji, cheni ikiruka meno au kukatika, pistoni huweza kugonga valvu, na hapo hutazungumzia spea tena bali injini nyingine. Gari litalala porini, dereva atakosa riziki, na hesabu uliyoing'ang'ania haitakuja.

Mchimbaji mwenye busara hashuki shimoni bila kuikagua kamba yake, wala hasubiri mwisho wa mwezi. Mwenye gari naye ampe dereva ruhusa ya kulisimamisha gari siku ileile anaposikia kelele, na siku hiyo asimdai hesabu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.