JOTO LA MAJI NA MAKAO YA KAMBA WACHANGA

Mkulima akitaka kujua mavuno yatakuwaje, hutazama kwanza mbegu zimeotaje. Wavuvi wa kamba nao ni hivyo hivyo. Leo tuwatazame kamba wa jimbo la Maine, nchini Marekani. Si kama kamba koche wa pwani yetu. Hawa wana magando mawili makubwa, na hupenda maji ya baridi.

Mama kamba hubeba mayai chini ya mkia kwa miezi tisa hadi kumi na miwili. Mayai yakianguliwa, watoto huelea karibu na uso wa bahari na kuchukuliwa na mkondo. Wakisha kujivua gamba mara tatu, ndipo wanafanana na kamba. Basi hapo huanza kupiga mbizi, kutafuta makao katikati ya mawe. Asiyepata pa kujificha huliwa na samaki.

Je, joto linaingiaje hapa? Kwanza, maji yakiwa na joto la nyuzi 20 za Sentigredi, mtoto hufikia hatua hiyo kwa wiki mbili hivi. Maji yakiwa baridi, huchukua mwezi na zaidi, na kila siku anayoelea ni siku ya hatari. Pili, akikuta maji ya chini hayafikii nyuzi 12, mara nyingi hurudi juu. Hakai.

Kwa hiyo joto likiongezeka kidogo, ni heri. Bahari ya Maine imepata joto upesi, na mwaka 2016 wavuvi walipata kiasi cha tani 60,000.

Lakini joto likipita kiasi ni balaa. Kusini zaidi, mahali paitwapo Long Island Sound, maji hupita nyuzi 20. Kamba hupumua kwa shida na kushikwa na magonjwa. Mwaka 1999 walikufa kwa wingi, joto likiwa mojawapo ya sababu. Uvuvi wa huko haujapona mpaka leo.

Hata Maine kuna wasiwasi. Tangu mwaka 1989 wapiga mbizi huhesabu kamba wachanga walioshika makao kwenye mawe. Katika miaka ya 2010 hesabu ilishuka mahali pengi, ingawa mama wenye mayai walikuwa wengi. Wataalamu hufikiri kwamba joto limevuruga vijidudu ambavyo watoto hao hula. Kamba huchukua miaka saba hivi kufikia ukubwa wa kuvuliwa, kwa hiyo upungufu wa leo ni njaa ya kesho. Mwaka 2023 mavuno yalikuwa chini ya tani 45,000.

Wavuvi wa Maine humrudisha majini mama mwenye mayai, baada ya kumkata alama ndogo mkiani ili asivuliwe tena. Ni sheria nzuri. Inalinda mbegu. Lakini sheria hiyo haiwezi kupoza bahari, na mbegu bila mahali pa kushika si mavuno.