Kusoma Majibu ya Thairoidi: TSH Peke Yake Haitoshi

Wagonjwa wengi wakiona TSH imepanda hudhani thairoidi, ile tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Mambo ni kinyume. TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe homoni. Homoni za thairoidi zikipungua, TSH hupanda; zikizidi, hushuka.

Ndiyo maana TSH husomwa pamoja na T4 huru, mojawapo ya homoni za thairoidi zenyewe. TSH ikiwa juu na T4 chini, thairoidi imepungukiwa nguvu: mgonjwa huchoka, husikia baridi, huongezeka uzito na hupata choo kigumu. TSH ikiwa chini na T4 juu, homoni zimezidi: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda. Zote mbili zikiwa chini, daktari huichunguza pituitari yenyewe, au ugonjwa mwingine mzito.

Tuseme majibu yanaonyesha TSH 7, ilhali kiwango cha kawaida katika maabara nyingi ni takriban 0.4 hadi 4, na T4 iko sawa. Kwa mtu mzima asiye mjamzito wala mwenye dalili kali, kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3, kwa kuwa mara nyingi TSH hushuka yenyewe. Mjamzito au anayetafuta mimba amwone daktari mapema: katika miezi ya mwanzo, ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama.

Upungufu hutibiwa kwa levothairoksini, inayomezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vingoje kwa muda wa saa 4, maana huizuia isifyonzwe. Dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo haijatulia.

Homoni zilizozidi mara nyingi hupunguzwa kwa kabimazoli. Hapa T4 ndiyo huongoza mwanzoni, kwani TSH yaweza kubaki chini kwa miezi hata mgonjwa akipata nafuu. Lakini homa au maumivu ya koo kwa anayetumia dawa hii yasisubiri kliniki ijayo: aisimamishe na aende hospitali siku hiyohiyo apimwe chembe nyeupe za damu.