Sumu ya viwandani ikizama kisimani, kuitoa ni kazi ya tani za dawa

WAFUGAJI na wauza mboga wengi wanazifahamu chembe za permanganeti ya potasiamu. Ukitia kidogo kwenye beseni, maji yanageuka zambarau. Wapo wanaoitumia kuosha vidonda vya mifugo, na wapo wanaoitumia kwa samaki wa bwawani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba katika nchi za viwanda dawa hiyo hiyo husukumwa chini ya ardhi kwa tani, ili kuvunja sumu iliyoharibu maji ya visima.

Sumu yenyewe ni viyeyusho vyenye klorini. Viwili vinavyojulikana zaidi ni trikloroethilini, iliyotumika miaka mingi kuondoa grisi kwenye vyuma, na tetrakloroethilini, ambayo drai klina hutumia kufua suti bila maji. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka trikloroethilini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya figo.

Nzito kuliko maji

Petroli, dizeli na mafuta ya taa vikifika kwenye maji ya ardhini huelea juu. Viyeyusho hivi hufanya kinyume. Lita moja ya trikloroethilini ina uzito wa karibu kilo 1.46, kwa hiyo huzama. Hupenya mchanga, hushuka chini ya usawa wa maji na kutuama juu ya tabaka la mfinyanzi. Hapo hukaa miongo kadhaa, ikiyeyuka kidogo kidogo na kufuata mkondo wa maji hadi visimani.

Hesabu yake inatisha. Sheria ya Marekani inaruhusu mikrogramu 5 tu za trikloroethilini katika lita ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, lita moja iliyomwagwa nyuma ya karakana inatosha kuharibu lita zaidi ya milioni 290 za maji. Hayo ni maboza 29,000 ya lita 10,000 kila moja.

Jaribio la Florida

Mfano mmoja uliochunguzwa kwa makini ni wa Cape Canaveral, jimbo la Florida, Marekani. Uwanja namba 34 ulitumika kurushia roketi kuanzia mwaka 1961 hadi 1968, ambapo chombo cha Apollo 7 kiliondokea hapo. Sehemu za injini za roketi zilioshwa kwa trikloroethilini, na kiasi kikubwa kiliishia ardhini.

Zaidi ya miaka 30 baadaye sumu ilikuwa bado ipo. Shirika la anga la NASA na idara nyingine za serikali ya Marekani ziligawa eneo hilo na kujaribu njia tatu bega kwa bega: kupasha udongo joto kwa umeme, kusukuma mvuke, na kusukuma maji yenye permanganeti ya potasiamu. Sehemu ya permanganeti ilifanyiwa kazi mwaka 1999 na 2000. Udongo ulipopimwa tena, takriban robo tatu ya sumu iliyokuwamo ilikuwa imetoweka.

Inavyofanya kazi

Njia hii huitwa uoksidishaji. Permanganeti ina njaa ya elektroni. Ikikutana na trikloroethilini huvunja kiungo kinachoshikilia kaboni zake mbili. Kinachobaki ni kaboni dioksaidi, chumvi ya kloraidi, asidi kidogo na unga wa kahawia wa oksidi ya manganizi. Sumu haihamishwi kwenda kwingine, bali inavunjwa pale pale ilipo.

Kila kilo moja ya trikloroethilini huhitaji angalau kilo 2.4 za permanganeti. Mafundi huchimba visima vyembamba, husukuma dawa, kisha hutazama rangi katika visima vya kupimia. Zambarau ikiwapo, kazi inaendelea. Maji yakigeuka kahawia, dawa imekwisha.

Vipo vioksidishi vingine. Haidrojeni peroksaidi ikichanganywa na madini ya chuma hufanya kazi kwa kasi, lakini huisha haraka na hutoa joto na gesi. Persalfeti na gesi ya ozoni nazo hutumika. Permanganeti inapendwa kwa sababu inaweza kudumu ardhini wiki au miezi, ikiendelea kusambaa.

Mboji hula dawa

Hata hivyo, njia hii ina vikwazo vyake. Kwanza, permanganeti haichagui. Huvunja sumu, lakini pia hula mboji na kila kitu cha asili kilichomo ardhini. Udongo mweusi ambao mkulima anausifu shambani, hapa ni hasara: dawa nyingi huishia kwenye mboji kabla ya kuigusa sumu. Ndiyo maana kiasi halisi huzidi sana zile kilo 2.4.

Pili, sumu iliyojificha ndani ya mfinyanzi haifikiki kwa urahisi. Miezi kadhaa baada ya kazi hutoka polepole na kipimo kupanda tena, hivyo dawa hurudiwa. Tatu, unga wa manganizi unaweza kuziba njia za maji, na kioksidishi kinaweza kuigeuza kromiamu iliyomo kwenye udongo kuwa aina yenye sumu inayotembea na maji. Ni kazi ya wataalamu wenye maabara, na gharama yake si ya kijiji.

Mwenye kisima afanye nini?

Kwanza, asimwage permanganeti kisimani akidhani anatibu. Bila kujua sumu iko wapi na ni kiasi gani, atapoteza fedha na kuyaharibu maji anayokunywa. Pili, ajue kwamba dawa ya klorini ya kuua vijidudu haiondoi viyeyusho hivi. Kuchemsha nako hakufai kutegemewa, kwa sababu mvuke wenye sumu hubaki jikoni. Mkaa maalumu wa kuchujia hunasa sumu hizi, lakini unahitaji kubadilishwa kwa wakati na maji kupimwa.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli uko juu ya ardhi. Anayetaka kuchimba kisima aulize kwanza kiwanja jirani kilitumika kwa kazi gani: karakana, kiwanda cha vyuma, drai klina au jalala. Kama pana shaka, apime maji katika maabara yenye vifaa vya kugundua viyeyusho, maana kipimo cha vijidudu na chumvi hakitavionyesha.

Mwenye karakana au drai klina naye atunze kiyeyusho kilichotumika katika pipa lenye mfuniko, juu ya sakafu ya saruji isiyo na nyufa, na akikabidhi kwa anayeruhusiwa kisheria kukiteketeza. Asimwage shimoni, mtaroni wala chooni. Pipa moja ni gharama ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hujengwa chini ya ardhi, kwa tani za dawa na miaka ya kusubiri.