Taa ya kukagulia noti humfichua nge kwenye mzigo

RUSIZI – Taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile ambayo wabadilishaji fedha huitumia kutofautisha noti halali na bandia, ina kazi nyingine ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui. Ukiimulika gizani juu ya rundo la mawe, kuni au magunia, nge aliyejificha hung'aa kwa rangi ya kijani na buluu. Ganda lake lina kemikali zinazoitikia mwanga huo.

Kwa mfanyabiashara wa tarafa ya Nyakarenzo, wilayani Rusizi, taarifa hii ina faida. Kutoka huko mtu anaweza kwenda Kamembe na kuvuka hadi Bukavu, au kuteremka hadi Bugarama kuelekea Kamanyola upande wa Kongo na Ruhwa upande wa Burundi. Bugarama iko bondeni na ina joto kuliko milima ya juu. Nge wengi hupenda joto, na mchana hujificha chini ya mawe, magogo na ndani ya nyufa za kuta. Gunia lililolazwa chini usiku kucha ni maficho mazuri.

Nge kusafiri na bidhaa si jambo geni. Huko Sheerness, bandari iliyoko Kent nchini Uingereza, nge wadogo wa Ulaya Kusini wanaishi katika nyufa za kuta za zamani tangu karne ya 19. Inaaminika walifika na meli zilizobeba mawe kutoka Italia. Hakuna aliyewaagiza, mzigo ndio uliowaleta.

Nge hao na jamaa zao, waitwao Euscorpius, ni wadogo: wengi wana urefu wa sentimita 3 hadi 5 tu, na sumu yao kwa kawaida haina nguvu. Ndiyo maana Ulaya wapo watu wanaowafuga kwa kujifurahisha. Kazi inayowasumbua ni kuwatambua, kwa kuwa aina nyingi zinafanana kwa rangi na umbo. Hulazimika kutumia lenzi na kuhesabu vinyweleo vya hisia vilivyo kwenye magando, pamoja na meno ya kichanuo kidogo kilicho chini ya tumbo.

Ufugaji wenyewe hauhitaji gharama kubwa: kisanduku chenye mfuniko imara, udongo, magome ya miti, unyevu kidogo na chakula cha mende au nyenje. Kinachohitajika zaidi ni subira. Nge hatagi mayai. Huzaa watoto hai baada ya mimba ya miezi mingi, kisha huwabeba mgongoni hadi wajivue ngozi kwa mara ya kwanza. Wakikua hutenganishwa, maana nge hula nge mwenzake.

Biashara iliyofungwa

Afrika Mashariki nayo imo katika historia ya biashara hii. Kwa miaka mingi nge mkubwa mwenye magando mekundu kutoka Tanzania aliuzwa katika maduka ya wanyama wa kufugwa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa muda wa kumalizia wanyama waliobaki nao, lakini hatua hiyo ilisitishwa siku chache baadaye.

Nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, anayeweza kufikia sentimita 20, yumo tangu 1995 katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kumvusha mpaka kunahitaji kibali. Rwanda, Burundi, Kongo, Tanzania, Uganda na Kenya zote ni wanachama wa mkataba huo.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapopaswa kuwa macho. Hati rahisi ya asili ya bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, haichukui nafasi ya kibali cha wanyamapori. Anayeombwa kuvusha kopo lenye nge "wa mteja" kwa ujira mdogo ndiye atakayekutwa nalo mpakani. Mteja mwenyewe atakuwa mbali.

Ukikutana naye

Kanuni moja husaidia, ingawa si ya uhakika wote: nge mwenye magando membamba na mkia mnene mara nyingi ana sumu kali kuliko mwenye magando makubwa na mkia mwembamba. Kwa hiyo udogo wa nge usimdanganye mtu.

Mzigo uwekwe juu ya mbao badala ya kulazwa chini. Magunia matupu na viatu vikung'utwe kabla ya kutumika, na mkono usiingizwe kwenye rundo la kuni bila kuangalia.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aweke kitu cha baridi, na aende kituo cha afya. Asichanje, asinyonye sumu, asifunge kamba. Mtoto apelekwe haraka hata kama anaonekana ametulia, kwa sababu mwili mdogo huzidiwa na sumu upesi.