Kabla Hujanunua Kompyuta Nyingine ya Studio

Katika vyumba vya uani vya Tandale, Mbagala na Tandika, muziki wa singeli hutengenezwa kwa kompyuta mpakato moja, kadi ya sauti na spika mbili. Mwendo wake ni wa kasi, mara nyingi huzidi mapigo 200 kwa dakika. Sauti ikianza kukwaruza wakati wa uhariri, mwenye studio huambiwa upesi kwamba prosesa imechoka na dawa yake ni mashine nyingine kutoka Kariakoo. Tunamshauri mlaji asitoe fedha kabla hajakagua mipangilio ya kompyuta aliyo nayo.

Programu ya uhariri huipatia kadi ya sauti vipande vidogo vya sauti kwa zamu. Kipande kimoja kikichelewa, sikio husikia mkwaruzo. Kompyuta mpakato nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubana umeme: kazi ikipungua, prosesa hushusha kasi, kisha huchelewa kidogo kuirejesha. Mwandishi wa barua hatatambua lolote. Mhariri wa sauti hutambua mara moja.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, fungua "Control Panel", kisha "Power Options", uchague "High performance". Ikiwa chaguo hilo halionekani, ingia katika mipangilio ya ndani ya mpango uliopo, tafuta sehemu ya prosesa, na upandishe kiwango cha chini cha utendaji hadi asilimia 100 wakati chaja imechomekwa. Betri itaisha upesi zaidi na mashine itapata joto. Kwa hiyo urejeshe mpango wa awali umalizapo kazi.

Hatua ya pili imo ndani ya programu yenyewe, nayo ndiyo husahaulika zaidi. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 128 huipa prosesa takriban milisekunde 3 tu za kumaliza kazi. Akiba ya sampuli 512 huipa takriban 12. Unaporekodi mwimbaji, tumia akiba ndogo ili asisikie sauti yake ikichelewa. Unapochanganya nyimbo, iongeze.

Kagua pia chaja. Chaja dhaifu, isiyolingana na mashine, huweza kuifanya kompyuta ijipunguzie kasi yenyewe, na hapo hakuna mpangilio utakaosaidia. Vumbi katika feni huleta matokeo yayo hayo, sawa na kuiweka kompyuta juu ya godoro. Fundi akikuahidi kuisukuma prosesa kupita kiwango cha kiwandani, mkatalie: joto huongezeka, na unaweza kupoteza dhamana.

Iwapo baada ya hayo yote bado inakulazimu kununua, nenda dukani na wimbo wako mzito kuliko yote, uombe uchezwe hapo hapo, chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Muuzaji aliye mkweli hatakasirika. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Hata hivyo, madai yasiyo na ushahidi ni magumu kuyasimamia. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe kwamba aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na muda wa dhamana vimeandikwa kabla hujaondoka dukani.