Kipindupindu kikishaingia nyumbani

Kipindupindu kinapozuka, macho ya wengi hukimbilia kwenye maji, na si bure. Katika wadi ya Adu, eneo bunge la Magarini nchini Kenya, ukame si mgeni, na silanga moja mara nyingi hunywesha watu na mifugo. Kimelea kikitua humo, kina njia ya kuingia bomani. Hata hivyo, akishaugua mtu wa kwanza, hatari huhamia ndani ya nyumba yake. Nchini Bangladesh, ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa miaka mingi, watafiti wamekadiria kuwa katika wiki moja baada ya mgonjwa kufika hospitalini, wanaoishi naye huwa katika hatari ya kuambukizwa iliyo kubwa mara 100 hivi kuliko ya watu wengine. Kwa hiyo nashikilia kuwa wiki hiyo nyumba ya mgonjwa ihudumiwe kwa haraka ileile tunayokimbilia nayo silanga.

Sababu iko katika kimelea chenyewe. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kuhara hadi lita moja kwa saa, na kila tone huweza kuwa na vimelea kwa mamilioni. Mwaka 2002 watafiti walionyesha, kwa kutumia panya, kuwa vimelea vilivyotoka punde mwilini mwa mgonjwa huambukiza kwa kipimo kidogo sana kuliko vilivyokuzwa maabara. Ukali huo hupungua baada ya saa kadhaa. Silangani vimelea hufika vimechakaa na kutawanyika. Mkononi mwa mama aliyetoka kufua shuka za mgonjwa, vingali vikali. Mkono huohuo unashika kata, kata inazamishwa mtungini, na mtungi ndio wa watoto wote. Sima iliyolala na uji uliopoa huzidisha tatizo, kwa kuwa vimelea huzaana katika chakula kilichoachwa kwenye joto, kisha chakula hicho huvikinga dhidi ya asidi ya tumbo. Isitoshe, wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, nao huendelea kutoa vimelea chooni kwa siku kadhaa.

Kuna atakayesema kuwa watu wa nyumba moja huugua pamoja kwa sababu wamekunywa maji mamoja. Pingamizi hili lina uzito, na huenda ndivyo ilivyo pale wanapoanza kuhara siku moja. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya vimelea kutoka familia za Dhaka ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya waliofuata kuugua waliambukizwa humohumo nyumbani. Ushahidi mwingine ni wa zamani kidogo, kutoka Kolkata miaka ya 1980. Familia za wagonjwa zilipopewa mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba, isiyoweza kuingizwa mkono, maambukizi yalishuka kutoka watu 17 hivi kwa kila 100 hadi chini ya 5. Chanzo cha maji hakikubadilishwa, kilichobadilishwa ni chombo tu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mama aliyetembea mbali kuteka mtungi wa lita 20 atanawa na nini? Kumhimiza anawe bila kumpa kitu ni kumtwisha lawama isiyo yake, na hakuna mafunzo ya usafi yanayoweza kuziba pengo la serikali kutofikisha maji. Ila wiki moja si mwaka. Jaribio lingine la Bangladesh lilizipa familia za wagonjwa sabuni, dawa ya kutibu maji na ndoo yenye bomba na kifuniko, pamoja na mafunzo ya siku 7. Maambukizi yakapungua kwa karibu nusu. Mlipuko ulioanza Kenya Oktoba 2022 uliwapata watu zaidi ya 12,000 na kuua takriban 200. Katika mlipuko kama huo, jamaa anayemleta mgonjwa zahanati asirudi Adu mikono mitupu: apewe klorini, sabuni, chombo chenye bomba na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, na mhudumu wa afya ya jamii afike bomani kwake kabla jua halijatua.